Mrudishieni Lincoln Sentensi Zake

Julai 17, 2025, siku Disneyland, bustani ya burudani ya California, ilipotimiza miaka 70, jukwaa la Main Street Opera House lilibadilisha mwenyeji. Palipokuwa na Abraham Lincoln, sanamu ya mitambo inayoinuka kitini na kuhutubia, pakawekwa sanamu ya Walt Disney mwenyewe, inayozungumza kwa sauti yake halisi iliyonaswa katika mahojiano ya zamani. Kampuni ilitangaza kwamba Lincoln hakufukuzwa: atarudi, na maonyesho hayo mawili yatakuwa yakipokezana. Hata hivyo ubishi ulizuka. Wapo waliosema rais aliyekufa kwa risasi ameondolewa kumpisha mwenye duka. Wapo waliosema ni haki ya mwanzilishi kukumbukwa katika nyumba aliyoijenga. Mjukuu mmoja wa Walt alisema hadharani kwamba kumgeuza babu yake kuwa roboti ni kumvua ubinadamu wake. Kampuni ikajibu kwamba ilishirikiana na makumbusho ya familia. Nimeufuatilia ubishi huu kwa muda, na naona pande zote zimekishika kiti na kukisahau kinywa. Nani asimame pale ni jambo dogo. Jambo kubwa ni nini Lincoln atasema siku akirudi, kwa sababu hotuba ambayo sanamu ile ilitengenezewa mwaka 1964 ilipitishiwa mkasi, na mara tatu mkasi ule ulikata palepale: pale mtumwa, au mtu mweusi, anapokaribia kuingia katika maneno yake. Kama kivutio hiki kinastahili kusasishwa, nami naamini kinastahili, basi kazi ianzie hapo.

Kwanza tuondoe hofu isiyo na msingi. Lincoln ameshawahi kutolewa katika ukumbi ule na akarudi. Mwaka 1973 aliwekwa kando ili lionyeshwe onyesho la maisha ya Walt Disney. Watu wakalalamika, na mwaka 1975 akarejeshwa. Mwaka 2005, bustani ilipotimiza miaka 50, aliondolewa tena kupisha filamu ya kumbukumbu, na hakuonekana hadi Desemba 2009. Hata alipokuwepo hakubaki yuleyule. Mwaka 2001 hotuba ya zamani iliwekwa kabatini. Wageni wakavishwa vipokea sauti, wakasimuliwa habari za askari kijana wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, kisha Lincoln akatoa hotuba yake fupi na maarufu ya Gettysburg, ya wakati wa vita hivyo. Mwaka 2009 hotuba ya zamani ilirudishwa, pamoja na kichwa kipya chenye uso unaoweza kuonyesha hisia ambazo kile cha kwanza hakikuziweza. Kwa hiyo anayesema kivutio hiki hakijawahi kuguswa, na kwamba kukigusa ni kuvunja kaburi, hajaisoma historia ya kitu anachokipenda. Kimeguswa mara nyingi. Kilichokwepwa ni kuyagusa maneno yenyewe kwa uaminifu.

Sanamu ya kwanza ilizaliwa kwa ajili ya Maonyesho ya Dunia ya New York, yaliyofunguliwa Aprili 22, 1964. Iliwekwa katika banda la jimbo la Illinois, jimbo lililomlea Lincoln kisiasa. Mchongaji Blaine Gibson aliifuata sura ya kinyago cha plasta kilichochukuliwa usoni mwa Lincoln mwenyewe mwaka 1860, kabla hajawa rais wala kufuga ndevu. Mwigizaji Royal Dano alitoa sauti, na James Algar akaandaa maandishi. Walt alikuwa na mapenzi ya kweli kwa mtu huyu. Inasimuliwa kwamba akiwa mwanafunzi Kansas City alijivika kama Lincoln na kusoma hotuba ya Gettysburg mbele ya wenzake. Mwaka uliofuata, Julai 1965, Disneyland ilipata Lincoln wake. Nayataja haya ili ieleweke kwamba simshuku mtu kwa nia mbaya. Kazi ile ilifanywa kwa heshima. Ila heshima ikichanganyika na woga huzaa maandishi ya namna ya pekee, na ndiyo ninayotaka tuyaangalie kwa karibu.

Hotuba ile haikuwahi kutolewa na Lincoln. Ni vipande vya hotuba zake vilivyoungwa, vya kati ya 1838 na 1864, kana kwamba alivisema kwa pumzi moja. Inaanza kwa maneno aliyoyasema Baltimore Aprili 18, 1864: dunia haijawahi kupata maana nzuri ya neno uhuru, na Wamarekani wa wakati ule walikuwa wakiihitaji mno; wote wanautangaza uhuru, lakini kwa neno hilohilo hawamaanishi jambo hilohilo. Hapo sanamu inahamia kwingine. Mgeni anaachwa na fumbo zuri na hapewi jibu. Lakini Lincoln alilijibu, papo hapo, katika sentensi iliyofuata. Alisema kwa wengine uhuru ni kila mtu kufanya apendavyo na nafsi yake na matunda ya kazi yake, na kwa wengine neno hilohilo ni watu fulani kufanya wapendavyo na watu wengine na matunda ya kazi ya wengine. Kisha akaleta mfano. Mchungaji anamng'oa mbwa mwitu kooni mwa kondoo. Kondoo anamshukuru kuwa ni mkombozi, na mbwa mwitu, kwa kitendo hichohicho, anamlaani kuwa ni mharibifu wa uhuru, hasa kwa kuwa kondoo yule alikuwa mweusi. Ndiyo maneno yake: kondoo mweusi. Alikuwa akisema hayo katika jimbo la Maryland, ambalo lilikuwa bado na watumwa na lingeufuta utumwa kwa katiba mpya miezi michache baadaye, na katika hotuba hiyohiyo alizungumzia habari za mauaji ya askari weusi huko Fort Pillow siku sita tu zilizotangulia. Hadhira ya Baltimore haikuhitaji kuelezwa mbwa mwitu ni nani.

Kutoka hapo maandishi ya 1964 yanaruka nyuma hadi Edwardsville, Illinois, Septemba 1858. Lincoln anauliza boma la uhuru wetu ni nini, anasema si ngome wala pwani zenye mizinga, bali ni ule moyo unaouona uhuru kuwa urithi wa watu wote, katika nchi zote, kila mahali. Uvunjeni moyo huo, anaonya, na mmeshapanda mbegu za udhalimu milangoni mwenu. Mkasi. Sentensi inayofuata katika hotuba halisi inasema: izoeeni minyororo ya utumwa, na mnaiandaa mikono na miguu yenu wenyewe kuivaa. Baada yake vinakuja vipande vya hotuba ya Springfield ya Januari 1838, ambamo Lincoln, kijana wa miaka 28, anasema taifa la watu huru litaishi daima au litajiua lenyewe, na anataka kila mama amfundishe mtoto wake kuziheshimu sheria. Ukisikia maneno hayo peke yake utadhani ni mawaidha ya uraia mwema. Lakini hotuba ile ilitokana na jambo. Lincoln alieleza humo jinsi McIntosh, mtu wa mchanganyiko wa damu nyeusi na nyeupe, alivyokamatwa mtaani St. Louis na kundi la watu, akafungwa kwa mnyororo mtini na kuchomwa moto akiwa hai. Sheria aliyotaka iheshimiwe ilikuwa ile ambayo kundi lile liliivunja lilipomuua McIntosh. Ukiutoa mti ule na mnyororo ule, heshima kwa sheria inageuka kuwa utiifu mtupu, na kijana mwenye hasira anageuka kuwa mzee wa busara za kuandikwa kwenye kalenda.

Hotuba tatu, mikato mitatu, na kila mkato umeangukia palepale. Mtu anaweza kudai kuwa ni sadfa, kwamba mwandishi alikuwa akitafuta ufupi. Lakini sadfa ya namna hiyo, mara tatu, ni vigumu kuiamini. Kwangu maelezo yanayokubalika ni ya wakati wenyewe. Aprili 1964 Seneti ya Marekani ilikuwa ikivutana juu ya sheria ya haki za kiraia, ambayo ilitiwa saini Julai 2 mwaka huohuo. Siku ya ufunguzi wa Maonyesho ya Dunia wanaharakati wa haki za weusi waliandamana ndani ya viwanja vilevile, na baadhi yao wakakamatwa. Katika viwanja hivyohivyo, msimu huo, sanamu ya mtu aliyetia saini tangazo la kuwaachia huru watumwa ilikuwa ikizungumzia uhuru bila kusema ni uhuru wa nani kutoka kwa nani. Banda lilikuwa la serikali ya jimbo, wageni walitoka kaskazini na kusini, na kila mtu alitaka rais wa wote. Wakampata, kwa kumnyamazisha nusu.

Pengine msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa anajiuliza haya yanatuhusu nini. Yanatuhusu kwa njia ya neno lenyewe. Kabla uhuru haujawa neno la bendera na gwaride, katika lugha yetu lilikuwa neno la mtu mmoja mmoja: mtumwa aliyeachwa huru, akapewa hati. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, lakini hali ya utumwa haikufutwa kisheria hadi 1897, na kwa miaka ile 24 bwana na mtumwa walilitamka neno moja kwa maana mbili, vilevile kama Lincoln alivyowaeleza watu wa Baltimore. Uzi mwingine unatuunganisha, na huu ni uzi wa pamba hasa. Kitambaa kisichopaushwa ambacho wazee wetu walikiita amerikani, au merikani, kililetwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts. Pamba yake ililimwa na watumwa wa majimbo ya kusini ya Marekani. Vita vilipozuka 1861 biashara hiyo ilianguka. Hadi hapo, mtumwa wa Mississippi alikuwa akilima pamba, na mtumwa wa Unguja, mchuma karafuu, akiivaa. Ndiyo maana siwezi kumsikiliza Lincoln wa mitambo akisema uhuru ni urithi wa watu wote katika nchi zote, kisha nikaridhika kwamba sentensi ya minyororo imeachwa nje.

Sasa tusikilize hoja za upande wa pili, maana nyingine ni nzito. Nzito kuliko zote ilitolewa na wanahistoria mwaka 1994. Kampuni hiyohiyo ilitaka kujenga Virginia, karibu na uwanja wa vita wa Manassas, bustani nzima ya burudani juu ya historia ya Marekani, na mmoja wa wabunifu wake akasema wangependa mgeni ahisi ilivyokuwa kuwa mtumwa. Watu walishtuka, na walikuwa na haki. Mateso ya binadamu hayawezi kuwekwa katikati ya bembea na soda, yakalipiwa tiketi. Wanahistoria kama David McCullough na James McPherson walisimama mbele kupinga, na Septemba 1994 mradi ukafutwa. Hoja yao naiheshimu: kuna mambo ambayo burudani ikiyashika inayachafua. Lakini tazama tofauti. Kule palikusudiwa kuigiza mateso. Hapa pana mtu mmoja jukwaani, taa hafifu, pazia, na maneno aliyoyasema mwenyewe mbele ya watu. Kumwacha amalize sentensi hakumfanyi mtu yeyote aigize kuwa mtumwa. Na kama tunakubali kwamba jukwaa lile linafaa kulibeba neno uhuru, hatuwezi kusema halifai kubeba maana yake.

Hoja ya pili ni ya wapenzi wa kivutio, nami nina huruma nayo. Wanasema ile ni kazi ya sanaa ya 1964, imebeba sauti ya Royal Dano, ambaye alifariki 1994, na kuongeza neno ni kama kuchora upya mchoro wa marehemu. Niliingia katika ukumbi ule mara moja, nikiwa na wapwa zangu, na sisahau kimya kilichotanda sanamu ilipoanza kuinuka. Mzee mmoja mbele yetu alivua kofia. Kitu chenye nguvu hiyo hakipaswi kuchezewa. Hata hivyo mchoro wenyewe hapa ni wa kuunga. Aliyekata hotuba za miaka 26 na kuzishona kuwa moja ndiye aliyegusa kwanza, na anayetaka kuurudisha mshono mahali pake anarekebisha. Sauti ya Dano nayo inaweza kubaki vilevile. Maneno yaliyosalia yasomwe na mwigizaji mwingine kabla sanamu haijasimama, au baada yake, kwa uwazi kwamba ni sauti nyingine. Sitaki kompyuta ifundishwe kuiga sauti ya marehemu ili isome alichokuwa hajakisoma. Hilo lingekuwa kosa jipya juu ya kosa la zamani.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika sana: kwamba kuutaja utumwa ni kuingiza siasa katika mahali pa familia. Hii haisimami hata kwa dakika moja. Sanamu ni ya mwanasiasa. Inatoa hotuba za kisiasa, zikiwemo za uchaguzi wa 1858 na ile aliyoitoa Cooper Union, New York, mwaka 1860, ambayo sehemu yake kubwa ilihusu iwapo serikali ya Washington ina mamlaka ya kuzuia utumwa usienee katika maeneo mapya. Wanaosema siasa zisiingizwe wanamaanisha upande mmoja wa siasa zile usisikike. Tena tunao ushahidi wa vitendo kutoka kampuni hiyohiyo. Hall of Presidents ya Florida, ukumbi wa sanamu za mitambo za marais wa Marekani, uliofunguliwa Oktoba 1, 1971, uliandikiwa maneno upya mwaka 1993, na mwanahistoria Eric Foner wa Chuo Kikuu cha Columbia akashirikishwa. Utumwa ukapewa nafasi yake katika simulizi, iliyosomwa na Maya Angelou. Mwaka huohuo likafanywa badiliko la pili: rais aliye madarakani akaanza kuhutubia, Bill Clinton akiwa wa kwanza. Badiliko la kwanza lilikaa kwa amani. La pili limeleta kelele hadi leo; mwaka 2017, Donald Trump alipokuwa anaandaliwa, ombi lilizungushwa mtandaoni kutaka asipewe nafasi ya kusema. Kumbe kilichoingiza siasa za siku katika ukumbi ule ni kumleta aliye hai. Ukweli kuhusu waliokufa haukumfukuza mgeni yeyote.

Imebaki pingamizi moja ambayo sijaisikia ikitolewa, lakini mtu makini angeitoa. Septemba hiyohiyo ya 1858, siku chache baada ya Edwardsville, Lincoln alisimama Charleston, Illinois, katika mdahalo wake na Stephen Douglas, mpinzani wake katika uchaguzi ule, akasema hataki wala hajawahi kutaka usawa wa kijamii na kisiasa kati ya weupe na weusi. Nikichagua kondoo mweusi na kuiacha Charleston, je, nami sijashika mkasi? Ndiyo, kwa kiasi. Hakuna hotuba ya dakika chache isiyochagua. Lakini ninachodai si picha kamili ya Lincoln, na kwa Charleston kuna ukumbi wa nje ambako wageni husubiri na kusoma maelezo ukutani. Iandikwe pale, kwa herufi zinazosomeka. Ninachodai jukwaani ni kidogo zaidi, na kwa hiyo ni vigumu kukikataa: mkianza wazo la mtu, limalizeni. Kama hamtaki kumaliza wazo la Baltimore, msilianze. Kuuliza maana ya uhuru kwa kinywa cha Lincoln, kisha kuondoka na jibu lake, ni kumtia maneno mdomoni kwa njia ya kuyatoa.

Kanuni hiyo inamhusu Walt wa mitambo pia, na hapa ndipo naona mjadala ungepaswa kuhamia. Naye anazungumza kwa vipande vya rekodi vilivyoungwa. Alifariki Desemba 1966. Hakuna anayeweza kumuuliza kama alikusudia jambo moja lifuatane na lingine. Ukumbi ule sasa una watu wawili wasioweza kujitetea, na mhariri mmoja. Mwaka 1964 mhariri alikuwa na mkasi na gundi. Leo ana zana zinazoweza kumfanya marehemu atamke chochote, na watoto wanaokaa viti vya mbele hawatajua mshono uko wapi. Kampuni ingeweza kuweka mlangoni maandishi mafupi yanayosema kila kipande kimetoka hotuba ipi, mwaka gani, na kimekatwa wapi. Makumbusho hufanya hivyo kwa chungu kilichovunjika, huacha ufa uonekane.

Kondoo na mbwa mwitu, minyororo ya Edwardsville, na habari ya McIntosh zikisomwa zote kwa mwendo wa taratibu hazichukui zaidi ya dakika chache, na filamu ya utangulizi ina nafasi ya kuzitoa. Uso uliowekwa mwaka 2009 unaweza kukunja paji, kushusha macho na kukaza taya. Kwa miaka yote hii haujapewa sentensi hata moja inayomtaka Lincoln aikaze.